Dada, dhahabu mmeshaipata?

Saa 11 na nusu alfajiri. Julai ya Iringa haina mchezo. Nimevaa sweta mbili, juu nimejifunga kitenge, na bado vidole vinagoma kufunga kamba za viatu. Kwenye begi kuna mwiko mdogo wa fundi uashi, brashi mbili za rangi, mswaki uliochakaa, tepu, daftari, bahasha za kaki na kichupa cha rangi ya kucha isiyo na rangi. Muuza duka anayeniuzia hicho kichupa hunisifu kwamba najipenda. Laiti angeziona kucha zenyewe.

Saa 12 na robo niko Mlandege nagombania siti ya Hiace. Hadi Kalenga ni kilometa kama 15, lakini gari halitoki mpaka lijae, na konda akisema limejaa ujue bado watu wanne.

Saa 1 na nusu, kazini. Wageni wengi wanaofika Kalenga hunyoosha moja kwa moja makumbusho kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Sisi watu wa akiolojia tuko mbali kidogo na hapo, kwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, tunachimba jalala. Ndiyo, jalala. Mji uliokuwa hapa ulikuwa na ngome, na ndani yake watu walipika, wakavunja vyungu, wakala nyama, wakazoa majivu na kwenda kuyamwaga. Habari za vita tunazo. Ugali wa siku ya kawaida ulipikwa kwenye chungu cha namna gani, hakuna aliyekaa akatuandikia.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mraba wa mita 2 kwa 2, kamba pande zote, tunashuka sentimita 10 kwa 10, na udongo ukibadilika rangi tunasimama. Kila ndoo inakwenda kwenye chekeche, anakokaa Bibi mmoja wa hapa kijijini. Siku za kwanza nilidhani nitamfundisha. Wiki hiyohiyo alichomoa ushanga wa bluu, mdogo kama punje ya ulezi, kwenye udongo ambao mimi nilishauchekecha na kuupitisha. Nikamuuliza ameuonaje. "Mwanangu, mimi nachagua mchele tangu mama yako hajazaliwa."

Saa 2 mpaka saa 5 kasoro ni mwiko, brashi, ndoo, daftari. Vigae 41 vya vyungu, jino la ng'ombe, mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma) kiasi cha kujaza kiganja. Ukuta wa shimo upande wa mashariki nimeusugua ukawa laini, matabaka yanaonekana kama keki: wekundu juu, kisha kijivu cha majivu, kisha weusi wenye mkaa. Nilipanga kuuchora baada ya chai.

Chai sikunywa.

Gari liliegeshwa barabarani, akashuka kaka mmoja, kofia ya kapelo, viatu safi vya ngozi. Hakusalimia. Bibi akamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene," yeye akajibu "Poa" kwa mtu wa umri ule. Kisha akanitazama. "Mkubwa wenu yuko wapi?" Nikamwambia wa zamu leo ni mimi. Akacheka kidogo, akasogea, akashusha sauti: "Dada, dhahabu mmeshaipata?"

Swali hili tunaulizwa kila wiki. Ila huyu alikuja na vielelezo. Akatoa simu: picha ya jiwe lenye mkwaruzo kama mshale, picha ya mti wenye msumari, picha ya rupia ya Mjerumani iliyoliwa na kutu. Kwa hesabu zake, Wajerumani walipokimbia walifukia masanduku, na mshale ule unaelekea kwetu. Nikamweleza taratibu kwamba hapa hapakuwa kwa Mjerumani. Hapa palikuwa kwa Mkwawa. Mjerumani alikuja na mizinga akapateka tarehe 30 Oktoba 1894, na kituo chake akajenga kwingine, ndio mji wa Iringa wa leo. Afukie mali yake kwenye magofu ya adui ili iweje?

"Basi ni ya Mkwawa."

Mkwawa utajiri wake ulikuwa ng'ombe na pembe za ndovu, kaka.

"Basi mnatafuta zebaki."

Nikamwonyesha sinia la vigae. Akageuza kimoja kwa kidole kama mtu anayekagua nyanya zilizooza. "Yaani mnalipwa kwa hivi?" Ndiyo, tunalipwa, na si nyingi. Hapo ndipo alipoona nimemficha kitu. Hakuna mtu mwenye akili, alisema, anayechimba siku nzima kwa brashi kutafuta vyungu vilivyovunjika. Bibi akashindwa kuvumilia: "We mwanangu, kwenu hamna jalala?"

Akaanza kuzunguka shimo akipiga picha. Nikasema usikanyage ukingo. Nikarudia, "Kaka, ukingo!" Akasogea hatua moja apate picha nzuri, na ukingo ukakatika. Hakuanguka yeye. Ulianguka ukuta wangu wa mashariki, karibu wote, wekundu na kijivu na weusi, ukamwagika sakafuni mwa shimo kama uji.

Alisema samahani. Mara mbili. Akaondoka.

Kuna kitu watu hawakijui kuhusu kazi hii. Kigae hakina tarehe juu yake. Kinachotupa fununu ya umri wake ni pale kilipolala: chini ya majivu gani, pamoja na mkaa upi, kina gani. Kikishatoka pale bila kuandikwa kinabaki kuwa kigae tu, hata ukikisafisha vipi. Tulitoa ndoo 9 za kifusi, zote nikaziandikia "mchanganyiko".

Na ndani ya hizo ndoo, saa 8 au saa 9 hivi, sikuangalia tena saa, Bibi akaita. Kipande cha chungu ukubwa wa kiganja, nje kina masizi. Pembeni mwa ufa vitundu viwili vimetobolewa, kimoja huku kimoja kule, na ukingo wa kila kitundu umelainika kwa kusuguliwa. Kiliposhonwa kwa kamba. Chungu kilipasuka, mwenyewe hakukitupa. Akatoboa, akakifunga, labda akaweka mbegu maana maji yangevuja. Bibi akasema mama yake alishona vibuyu hivyohivyo. Miezi miwili hapa, hatukuwa tumepata kingine kama hicho, na sikuwa na la kusema kimetoka tabaka lipi.

Jioni, kuosha kwa mswaki (mifupa kidogokidogo, chuma hakiguswi na maji), kuanika kivulini. Mgongo unauma pale pale pa kila siku.

Sasa ni usiku, umeme umerudi. Kwenye kila kigae napaka rangi ya kucha kidogo, ikikauka naandika namba kwa wino mweusi, kisha napaka tena juu. Namba haifutiki, na siku ikitakiwa kutolewa inatoka na rangi yake bila kuchafua kigae. Kile cha vitundu nimekiacha cha mwisho. Daftarini: mdomo wa chungu, masizi nje, vitundu viwili vya kushonea, kifusi cha ukuta wa mashariki, tabaka halijulikani. Kwenye safu ya maelezo nimeandika "ukingo ulikanyagwa na mgeni", nikaongeza saa na tarehe.

Simu imelia. Namba ngeni, sijui nani amempa yangu. Picha ya lile jiwe, na chini yake: "Dada samahani kwa leo. Ila huu mshale ungekuwa wewe ungechimba upande gani?"