Siku yangu na Datsun 240Z: mthamini hatazami aliyeshinda mnada

Saa 1 asubuhi, Columbus, Ohio. Chai mkononi, napitia minada iliyofungwa jana usiku kwenye Bring a Trailer, tovuti ya kunadi magari. Kazi yangu ni kuthamini magari ya kale kwa ajili ya bima, na la leo ni Datsun 240Z ya 1971. Ndiyo, aina ileile iliyompa Edgar Herrmann ushindi wa Safari Rally mwaka huohuo, kisha Shekhar Mehta mwaka 1973. Wateja wa huku hawajali, lakini mimi siwezi kuipita bila kuitaja.

Saa 3. Mwenye gari ananitumia ushahidi wake: Januari 2020, 240Z ya 1970 iliuzwa kwenye mnada huohuo kwa dola 310,000. Kweli iliuzwa. Ila ile ilikuwa imetembea maili 21,000 na ushei tu. Hii ya kwake imekula chumvi ya barabara za Ohio kila msimu wa theluji.

Saa 4 hadi saa 7 ndiyo kazi yenyewe. Madau ya siku za mwanzo nayaruka. Watu wanajionyesha tu kwamba wamo. Utamu uko mwishoni. Dau likiingia ndani ya dakika mbili za mwisho, saa inarudishwa kwenye dakika mbili, kwa hiyo hakuna anayeponyoka kwa kuvizia sekunde ya mwisho. Hapo simtazami mshindi. Namtazama wa tatu. Tuseme wengine wote wameachia kwenye dola 38,000, wawili wakabaki wanavutana hadi 52,000. Gari la namna hiyo likirudi mnadani kesho, mmoja ameshapata lake. Aliyeshindwa anahitaji kumpita wa tatu tu, basi. Hiyo 52,000 ilizaliwa na ukaidi wa watu wawili usiku mmoja.

Magari yasiyofikia bei ya chini ambayo muuzaji ameiweka kwa siri nayo nayahesabu, ingawa wenzangu wengi huyatupa. Hayakuuzwa, sawa, lakini kuna mtu aliweka dau lake pale.

Saa 8 mchana, gereji. Fundi ni kijana wa Mombasa, na sumaku anayo tayari. Anaipitisha kwenye bodi, juu ya tairi la nyuma, haishiki: chini ya rangi hakuna chuma.

"Kaka, hapa ni puti tupu."

Chini ya betri kutu imetoboa, na reli za sakafu zimeungwa kwa bati. Picha za mnadani mara nyingi hazifiki huku chini.

Saa 11 jioni naandika ripoti: dola 24,000. Simu inaita kabla sijafunga kompyuta. Mteja amekasirika. Namweleza kwamba nikiandika 310,000 atalipia bima ya 310,000 kila mwaka, na gari likiungua, kampuni itaanza kwa kuuliza picha za sakafu. Kanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nikiandika 30,000 itakuwa vibaya sana.