Stempu za Poland: sasa nimefika kwenye GROSZY

Wanaofuatilia mradi huu wanajua lengo langu si kubwa: nataka kurasa za Poland zenye stempu za hisani, yaani zile zinazouzwa na nyongeza ya mchango, pamoja na zile zilizogongwa maandishi mapya baada ya vita vyote viwili vya dunia. Nakaa Arusha, na Tengeru, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Kipolandi kuanzia 1942, si mbali na hapa. Makaburi yao yapo hadi leo. Ndiyo sababu nikaichagua Poland. Stempu zenyewe nazinunua mtandaoni kwa mafungu, zimechanganyika, na kwa kawaida muuzaji haandiki chochote zaidi ya "Poland, za zamani". Maandishi au alama yoyote iliyogongwa juu ya stempu iliyokwisha kuchapishwa nitaiita chapa ya pili.

Ukurasa wa Lublin umekamilika. Wakati wa Vita vya Kwanza mji huo ulikuwa chini ya jeshi la Austria-Hungaria. Novemba 1918 Poland ikarudi kwenye ramani bila stempu zake yenyewe, basi posta ikachukua zilizokutwa makabatini. Desemba mwaka huohuo Lublin ilitumia stempu za hisani za posta ya jeshi la Austria: heller (senti za Austria) 10 na 45 zenye sura ya Kaizari Karl, na heller 20 yenye sura ya mkewe Zita. Zilikuwa zimetolewa kuchangia mfuko wa Karl. Akagongwa tai wa Kipolandi juu yake, na stempu ya kumchangia kaizari ikawa stempu ya nchi iliyomponyoka. Katika mradi mzima hakuna ninazozipenda kama hizi tatu.

Mpangilio wa maneno unasaidia sana hapa. Lublin waliandika POLSKA POCZTA. Warszawa na Kraków waliandika POCZTA POLSKA. Kwa hiyo hata kabla ya kuchukua lenzi unajua stempu inaelekea ukurasa upi. Za Kraków za Januari 1919 nimeziweka kando kwenye bahasha. Ni maarufu kwa kughushiwa, na ile ya korona 10 ni miongoni mwa stempu adimu kuliko zote za Poland. Ukiiona inauzwa kwa bei ya chakula cha mchana, endelea na safari yako.

Stempu za maonyesho ya kwanza ya stempu ya Poland, Warszawa, Mei 1919, zilinipa raha ya aina nyingine. Chapa ya pili inasomeka I POLSKA WYSTAWA MAREK, pamoja na msalaba na +5. Ukiona msalaba utadhani fedha zilikwenda Msalaba Mwekundu, lakini zilikwenda Msalaba Mweupe wa Poland, chama kilichoanzishwa na Helena Paderewska, mke wa mpiga piano Ignacy Jan Paderewski aliyekuwa waziri mkuu wakati huo. Za Msalaba Mwekundu zilikuja 1921 na nyongeza ya marka 30, hata juu ya stempu ya marka 5. Yaani mchango ulikuwa mara sita ya nauli ya barua! Nazo zimeghushiwa, kwa hiyo nitazirudia nikishapata moja ya kuaminika ya kulinganishia.

Vita vya Pili nimevipitia haraka. Ile stempu ya tai ya groszy 25 (groszy ni senti za zloti, fedha ya Poland) iliyotolewa Lublin 1944 iligongwa thamani mpya na vifupisho vya mamlaka mpya: K.R.N., P.K.W.N. na R.T.R.P., kila kimoja na tarehe yake. Februari 1945 tai huyohuyo akapata majina ya miji iliyotoka mikononi mwa Wajerumani, kuanzia Warszawa hadi Zakopane. Kuzitambua ni rahisi, maana mji na tarehe vimeandikwa palepale. Kinachobaki ni kuzitafuta.

Kazi yenyewe iko 1950. Jumamosi ya tarehe 28 Oktoba bunge la Poland lilipitisha sheria ya kubadilisha fedha, na Jumatatu tarehe 30 zloti mpya ikaanza. Mishahara na bei zilihesabiwa zloti 100 za zamani kwa 3 mpya, lakini noti ulizoshika mkononi zilibadilishwa 100 kwa 1. Aliyeficha akiba chini ya godoro alipoteza theluthi mbili kwa wikiendi moja. Stempu zilifuata kipimo cha noti: tarakimu ilibaki, neno GROSZY likagongwa juu, na ya zloti 15 ikawa ya groszy 15. Nani angechapa stempu mpya kati ya Jumamosi na Jumatatu? Mihuri ya mkono ikatengenezwa huko mikoani, kila eneo kwa namna yake, na ndiyo maana katalogi ya Fischer inatenganisha aina zaidi ya 30 kwa umbo la herufi na ukubwa. Wino nao unatofautiana, kuna mweusi na kuna zambarau.

Mghushi naye alifurahi. Stempu za miaka hiyo zisizo na chapa ya pili ni za bei ya chini, na muhuri wa mpira mtu yeyote anaweza kuuchonga. Kwa hiyo zile zisizotumika sizigusi kama hazina alama ya mtaalamu wa PZF, chama cha wakusanyaji stempu cha Poland, mgongoni. Napendelea zilizotumika, kwa sababu muhuri wa posta ni shahidi wa pili. Tarehe ikiwa kabla ya 30 Oktoba 1950, kesi imekwisha. Mahali pakiwa mbali na eneo la aina hiyo ya GROSZY, nashuku. Kisha naangalia wino upi uko juu: muhuri wa tarehe unatakiwa kulala juu ya GROSZY, si chini yake.

Iliyo mezani sasa ni nyekundu ya zloti 15 yenye sura ya Bierut, rais wa Poland wa wakati huo. Chini ya lenzi, kingo za herufi za GROSZY ni nyeusi zaidi na katikati pamefifia, jinsi wino unavyosukumwa pembeni muhuri unapokandamizwa. Hakuna vitone vya printa ya kompyuta. Muhuri wa posta umekatwa: inaonekana WICE tu, na 11.50, yaani Novemba 1950. Hiyo inaweza kuwa Katowice au Gliwice, zote za Silesia, kusini mwa Poland, au Skierniewice upande wa Łódź. Lakini Skierniewice ina herufi 12. Ikizungushwa kwenye duara, WICE ingeangukia kulia kabisa, ikielekea chini. Kwangu W iko karibu na kilele cha duara, kwa hiyo jina ni fupi. Silesia, basi.

Wiki hii naiskani kwa dpi 1200 nipime urefu wa neno na nafasi kati ya S na Z, kisha nilinganishe na picha za aina ya Katowice. Vipimo vikikubaliana, inaingia kwenye ukurasa. Vikikataa, inakwenda kwenye bahasha ya Kraków. Mwenye Zakopane ya 1945 ya kubadilishana aniambie. Nina Łódź mbili.