Nilivyompeleka Mama Koblenz kwa Treni na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Mama alipokuja kunitembelea Mainz, kusini-magharibi mwa Ujerumani, alikuwa na umri wa miaka 71 na magoti yasiyopatana na ngazi, na aliniambia mapema kwamba hakutoka Korogwe ili akae ghorofani kuhesabu magari. Nilitafuta matembezi ya siku moja ambayo njia yake ingekuwa na mambo ya kutazama sawa na huko tuendako, kwa sababu nilijua kwamba muda mwingi angekuwa ameketi. Nikachagua Koblenz, mji uliopo pale mto Mosel unapoingia katika mto Rhine. Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya makutano ya mito.

Tiketi ndiyo iliyonisumbua. Mimi nina tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, lakini hiyo ni ya mtu mmoja kwa jina lake na haiazimwi, kwa hiyo Mama nilimnunulia Rheinland-Pfalz-Ticket, ambayo ni ya siku moja na humruhusu abiria kupanda treni zote za kawaida ndani ya jimbo la Rheinland-Pfalz, isipokuwa zile za mwendokasi. Siku za kazi tiketi hiyo huanza kutumika saa tatu kamili asubuhi. Nilikuwa nimepanga kuondoka saa mbili na nusu siku ya Jumatano, na sharti hilo nililisoma usiku wa kuamkia safari, nikalazimika kusogeza kila kitu mbele. Mama hakulalamika, aliutumia muda huo kupika chapati na kujaza chai kwenye chupa.

Ukitoka Mainz, keti upande wa kulia wa behewa. Mwanzoni hutaona la maana, maana reli hupita mbali kidogo na maji, lakini baada ya Bingen bonde hubana, na treni huambaa na Rhine hadi karibu na Koblenz, huku mizabibu ikiwa imepandwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba Mama aliuliza kama wavunaji hujifunga kamba. Sehemu hii imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2002, kwa ajili ya mandhari yake ya kihistoria, ngome zikiwemo, na kwa kweli baada ya ngome ya sita nilianza kuzichanganya. Iliyomvutia Mama ni moja tu: Pfalzgrafenstein, iliyojengwa juu ya kisiwa kidogo katikati ya mto, mbele ya mji wa Kaub. Nilimweleza kwamba wenye ngome hiyo walikuwa wakitoza ushuru kila chombo kilichopita. "Kumbe ni geti la mazao," alisema, na tangu hapo kila jengo lililokuwa karibu na maji aliliita geti.

Hatukushuka stesheni kuu ya Koblenz. Tulibaki ndani hadi kituo kinachofuata, Koblenz Stadtmitte, kilichofunguliwa mwaka 2011, ambacho kipo karibu zaidi na mji wa kale. Kutoka hapo tulitembea polepole, tukipumzika kila tulipoona benchi, hadi Deutsches Eck, ncha ya ardhi ambapo mito hiyo miwili hukutana.

Juu ya ncha hiyo lipo sanamu kubwa la Kaiser Wilhelm wa Kwanza, mfalme mkuu wa Ujerumani, akiwa juu ya farasi. Mnara huo ulizinduliwa mwaka 1897, sanamu likaharibiwa kwa mizinga ya Wamarekani mwaka 1945, na lililopo sasa ni nakala iliyowekwa mwaka 1993. Sikukusudia kumpa Mama somo la historia, lakini yeye ni Mzigua, nami nilishindwa kunyamaza. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, ndiye huyu aliyetia saini hati ya kuyaweka chini ya ulinzi wake maeneo ambayo Mjerumani Carl Peters alidai kuyapata kwa mikataba: Usagara, Unguu, Ukami na Uzigua. Mama alimtazama farasi kwa muda mrefu.

"Alifika kwetu?"

"Hakufika, mama."

Aliguna, akafungua chupa ya chai. Ngazi za kupandia mnarani hatukuzigusa.

Badala yake tulivuka Rhine kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye nyaya, vilivyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya maua ya mwaka 2011, hadi ngome ya Ehrenbreitstein iliyo juu ya kilima cha ng'ambo. Nilihofia kwamba angeogopa, kumbe mwenye kushika chuma kwa mikono miwili nilikuwa mimi. Kutoka juu ilionekana wazi jinsi maji ya mito hiyo miwili yanavyoungana, na matishari ya mizigo yakipishana chini yetu kwa utulivu.

Wakati wa kurudi, treni yetu ilikatisha safari katika kituo kidogo cha njiani, na tukatangaziwa kwamba tuhamie upande wa pili wa reli, ilhali lifti ya hapo ilikuwa mbovu. Nilimuuliza kondakta kama ipo treni nyingine itakayopita upande uleule tuliosimama. Akaangalia simu yake na kusema ipo, ila baada ya dakika hamsini. Tuliamua kuisubiri. Wenzetu walipanda ngazi wakikimbia, nasi tukabaki na chapati mbili za mwisho.

Mbele yetu, kando ya maji, palikuwa na kibao chenye namba kubwa. Mama aliuliza ni ya nini, nikamwambia kwamba Rhine huhesabiwa kilomita kwa kilomita kuanzia kwenye daraja la Konstanz, ili manahodha wajue walipo. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza mto Pangani tungeanza kuuhesabu wapi, bwawa la Nyumba ya Mungu au mbele ya hapo. Tulikuwa bado tunabishana treni ilipoingia.