Siku yangu na plasta, stoo na vifundo vya miguu

Mtaani wananijua kama "yule dada wa kumwagia wachezaji maji". Kazi yangu hasa ni kumsaidia mhadhiri wa kozi ya kuzuia majeraha ya michezo, chuo kimoja hapa Dar.

Saa 12 asubuhi daladala. Saa 2 nimeshaita majina na kukusanya kazi za wiki iliyopita.

Saa 3 ni vitendo: kufunga kifundo cha mguu kwa plasta. Wanafunzi 40, roli 14. Zilizobaki ziko stoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Fomu?"

Fomu ninayo, haina mhuri. Mwenye mhuri yuko kikaoni. Nikarudi mikono mitupu, nikawagawa watatu watatu.

Sasa kuna nahodha wa timu ya kitivo. Kila nikisema neno, ana lake. "Madam, sisi tukiteguka tunachuliwa na maji ya moto, kesho yake uwanjani!" Nikamweleza kwamba joto na kuchua siku ya kwanza huzidisha uvimbe. Akacheka. Haya, funga wewe.

Alianza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Plasta ikatoka upande wa ndani, ikapita chini ya kisigino, ikapandishwa nje kwa kukazwa, maana mguu mara nyingi huteguka kwa kupindia ndani. Mwenzake akasema inatosha. Yeye akaongeza mizunguko miwili, ya sifa tu. Nikabonyeza ukucha wa dole gumba, nikaachia. Ndani ya sekunde mbili damu inatakiwa iwe imerudi. Nikahesabu kwa sauti mpaka sita, ukucha bado mweupe. Darasa kimya.

"Fungua."

Kumbe hata ile sponji nyembamba ya chini hakuiweka. Plasta ikaondoka na vinyweleo vyote. Ukelele ule, nadhani maktaba waliusikia.

Mchana? Chipsi nusu, nimesimama.

Jioni uwanjani, FIFA 11+, yaani programu ya kupasha mwili moto ili kuzuia majeraha: mazoezi 15, dakika kama 20. Kocha ananiangalia kama nimekuja kumdai. "Dada, hizo dakika ishirini nazitoa wapi?" Tukafika kwenye zoezi la kupiga magoti, mwenzako kakushika vifundo, unajishusha mbele polepole kwa nguvu za misuli ya nyuma ya paja. Straika wake akadondoka kifudifudi kama gunia. Kocha akanyamaza, akaniachia wachezaji mpaka dakika ya mwisho.

Giza limeingia, niko kwenye foleni ya daladala, mgongo unauma, simu inaita. Mzee wa stoo.

"Mwanangu, mhuri umepatikana. Njoo uchukue."

Saa moja na nusu usiku.