Renato Soru na kizingiti cha Sardinia

Wafanyabiashara mnaotaka kuanzisha chama cha eneo lenu, mwangalieni Renato Soru. Alianzisha kampuni ya intaneti ya Tiscali mwaka 1998, kisha 2003 vuguvugu la Progetto Sardegna, na 2004 akawa rais wa Sardinia, kisiwa cha Italia chenye serikali yake ya mkoa. Akazuia ujenzi mpya ndani ya kilomita 2 kutoka baharini. Uamuzi mzuri mno!

Februari 2024 alirudi kugombea urais wa kisiwa nje ya kambi kubwa mbili, ya kulia na ya kushoto, akapata chini ya asilimia 9 ya kura. Kiti katika baraza la mkoa? Hata kimoja. Sheria ya huko ina kizingiti, yaani kura za chini kabisa za kupata viti: orodha ya wagombea iliyo peke yake inadaiwa asilimia 5, lakini muungano wa vyama asilimia 10. Soru alikuja na muungano. Kabla ya kushikana mikono na yeyote, someni kwanza kifungu cha kizingiti.