Siku Shababi Alipohasiwa

Msimu wa karafuu wa mwaka 1996 Shababi alimng'ata ami yangu bega, na hapo ndipo shauri likakatwa: ahasiwe. Punda yule alikuwa na nguvu. Magunia matano ya karafuu kavu aliyavuta hadi kituoni bila kutaka kuhimizwa. Lakini akinusa jike tu, basi tena! Gari, magunia na mwenye gari wote mtaroni.

Daktari wa mifugo alikuja kwetu Konde, Pemba, kwa pikipiki, mkoba mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka 14, nikapewa kazi ya kichwa: punda akishalala nimkalie shingoni na nimfunike macho, asishtuliwe na mwanga. Bibi akanipa kanga yake kuukuu. "Irudi nzima," akasema.

Sindano ya kwanza ilikuwa ya kumtuliza. Tukangoja chini ya mwembe. Kichwa kikashuka kidogo kidogo, mdomo wa chini ukalegea, udenda ukaanza kumtoka. Ya pili, ketamini, dawa ya usingizi, ikaingia kwenye mshipa wa shingo. Akayumba, miguu ya nyuma ikakunjika, nasi tukamsindikiza hadi chini asije akajigonga. Wanaume wawili wakafunga kamba mguu wa juu, wakauvuta mbele.

Daktari huku anaosha anazungumza. Alikuwa amesomea Morogoro, na alijua habari za hospitali za farasi za ng'ambo. Huko, alisema, farasi aliyelala huinuliwa kwa winchi, miguu juu, akalazwa kwenye meza yenye magodoro, akapumua dawa ya usingizi kwa mpira. Akimaliza kupasuliwa hupelekwa chumba ambacho hata kuta zake zina magodoro, maana farasi akizinduka hukurupuka kusimama na huweza kujivunja mguu. "Sisi meza yetu hii ya Mwenyezi Mungu," akapigapiga mchanga.

Saa yake aliivua akaiweka juu ya mkoba, na pembeni sindano nyingine ya ketamini imejazwa tayari. Ami akauliza ya nini. "Mzee wangu, punda si farasi mdogo. Dawa hii kwa punda huisha upesi zaidi."

Korodani ya kwanza ilitoka. Mishipa ya damu aliifunga kwa uzi kwanza, kwa kuwa ya punda ni minene, kisha akabana kwa koleo lake na kuhesabu polepole. Alikuwa ameshika kisu kwa ajili ya ile ya pili nilipohisi kitu chini ya kiganja changu. Sikio, ndani ya kanga, limecheza. Mara moja tu, kama mtu anayefukuza nzi.

"Sikio!" nikapiga kelele.

Hakuuliza sikio gani. Sindano ikaingia, na mimi nikabaki nimemkumbatia shingo hadi pumzi zake zikawa nzito tena. Mpaka leo nadhani ndiyo kazi ya maana kuliko zote nilizofanya utotoni.

Kidonda hakukishona, alitaka damu na maji vipate pa kutokea. Jirani akaja na majivu ya jikoni ya kupaka. Daktari akamzuia, tena kwa ukali. "Pepopunda! Mnadhani jina hilo limetoka wapi?" Vijidudu vyake hukaa udongoni na kwenye mavi ya punda, na punda mwenyewe, kama farasi, ugonjwa huo humpata upesi. Akamchoma sindano ya kinga, akatuachia masharti mawili. Atembezwe asubuhi na jioni ili asivimbe. Na wiki sita asikaribie jike, kwani mbegu zilizobaki mirijani zaweza kutia mimba.

Kutembeza niliachiwa mimi.

Msimu uliofuata jike wa jirani alizaa kitoto mwenye masikio meusi tititi, kama ya Shababi. Ami akahesabu miezi kwa vidole, akasema mimba ile ilitangulia kisu. Nikamkubalia haraka. Njia yangu ya jioni ilipita nyuma ya banda la jirani, na kamba si kila siku nilikuwa nimeishika.