Yanayonipa nguvu nikimuuguza mama
Tangu mama apooze upande wa kulia, saa za nyumba hii zinakwenda kwa dawa za presha, uji, mazoezi ya mkono, na kumgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Usiku nao ni hivyo hivyo. Kuuguza kunachosha jamani, na anayesema hakuchoshi hajawahi kuuguza.

Lakini kuna vitu vidogo vinanibeba. Alfajiri, kabla hajaamka, nakaa barazani na chai ya rangi yenye tangawizi na vitumbua vya moto kutoka kwa jirani. Hapa Tanga upepo wa kusi asubuhi ni mtamu mno. Simu naiacha ndani. Muda ule ni wangu peke yangu.

Halafu kuna nywele zake. Jioni nampaka mafuta ya nazi, namchana taratibu, namsuka twende kilioni kama alivyokuwa akinisuka mimi. Anafumba macho kwa raha. Maneno bado yanamkwama, hata jina langu siku nyingine halitoki, ila redio ikipiga taarabu ya zamani anaimba kiitikio chote! Mtaalamu wa mazoezi alinieleza kwamba kuimba hutegemea pia upande wa ubongo ambao kiharusi hakikuugusa. Basi sasa tunaimba kila siku, na sauti yangu mbaya naitoa yote.

Wenzangu mnaouguza, nyie kipi kinawapa nguvu?